Gundi haikaushwi, inaivishwa

Neno hili nimelisikia mara nyingi mno: "Roli zipo kwenye chumba cha kukaushia." Juzi nimelisikia tena, kutoka kwa msimamizi wa zamu kiwandani, akapapasa roli ya filamu ya vifungashio kwa kiganja na kusema imekauka, ipelekwe kukatwa.

Chumba chenyewe si fumbo. Ni chumba chenye joto linalodhibitiwa, aghalabu nyuzi 35 hadi 50 za Selsiasi. Roli za filamu ya vifungashio, ile ya mifuko ya kahawa au sabuni ya unga, zikishabandikwa tabaka kwa tabaka hukaa humo siku moja hadi tatu, pengine zaidi, mpaka gundi ya katikati ishike sawasawa.

Sasa neno. Kukauka ni kupoteza maji au kiyeyushi. Kanga kwenye kamba inakauka. Gundi yenye kiyeyushi nayo hukauka, lakini hukaukia kwenye tanuri la mashine, kabla filamu ya pili haijagandamizwa juu yake. Ikifika chumbani, kazi hiyo imekwisha. Tena zipo gundi zisizo na kiyeyushi hata tone. Hapo kinakauka nini? Kinachoendelea ni polioli na isosianeti, yaani gundi na hadina yake (kigumisho), kufungamana kuwa kitu kimoja.

Fundi ujenzi naye husema zege limekauka, lakini mwangalie: siku nzima analimwagilia maji. Nani humwagilia kitu anachotaka kikauke?

Wenye migomba wana neno zuri kuliko sisi wa kiwandani: kuvundika. Mkungu mbichi unafunikwa mahali pa joto, unaachiwa siku zake, unaiva. Wapo pia wanaoandika "chumba cha kuponyea", kwa sababu Kiingereza kina neno moja la kumponya mgonjwa, kuhifadhi nyama kwa chumvi na kukomaza gundi, lenye asili ya Kilatini, cura, yaani uangalizi. Roli haiumwi.

Ningenyamaza kama kosa lingeishia mdomoni. Anayeamini anakausha hupandisha joto, kisha hupapasa juu ya roli, na juu siku zote ni pakavu. Plastiki hupitisha joto polepole, hivyo moyo wa roli nene huchelewa saa nyingi kupata moto. Ndiyo maana roli huning'inizwa kwenye vyuma hewa izizunguke, hazilundikwi sakafuni, na kila moja huandikwa saa iliyoingia. Joto likizidi, vilainishi vilivyomo kwenye polithini huhama, filamu ikagoma kuteleza kwenye mashine ya mteja. Ikitolewa mbichi, tabaka huachana. Baya zaidi, isosianeti ya aromatiki iliyobaki hukutana na unyevu ikazaa amini za aromatiki, kemikali zenye madhara kwa afya, na hizo huhamia kwenye chakula. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 10 ya 2011 ilitaka zisigundulike kwenye chakula, na iliweka kipimo cha kuzigundua kuwa miligramu 0.01 kwa kilo ya chakula.

Ukitaka kujua, kata kipande, achanisha tabaka kwa kucha, gusa katikati. Ikinata kidoleni, bado.

Kwa hiyo kibao cha mlangoni kiandikwe "Chumba cha Kuivishia". Atakayeendelea kusema kukausha kwa mazoea sina ugomvi naye, mradi asome saa iliyoandikwa kwenye roli kabla ya kuipapasa.