Si kila mayowe ni ya ukumbini
Wengi huamini kwamba santuri ya bendi ya roki ya Uingereza, Rolling Stones, Got Live If You Want It!, iliyotolewa Marekani mwaka 1966, ilirekodiwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kwa kuwa jalada lake lilieleza hivyo. Sivyo. Sehemu kubwa ilinaswa Newcastle na Bristol mnamo Oktoba mwaka huo, na nyimbo mbili, Fortune Teller na I've Been Loving You Too Long, si za jukwaani kabisa, bali zilirekodiwa studio, kisha zikaongezewa mayowe ya mashabiki. Huo wa pili ni wimbo wa taratibu, wa kubembeleza, na mayowe yamepachikwa tu juu ya sauti ya mwimbaji wa bendi, Mick Jagger. Inasikitisha, maana maonyesho yenyewe yalikuwa na hamasa ya kutosha.