Mwanga hauna uzito, lakini unapinda

Nikisimamisha darubini hapa Moshi, iwe kwenye uwanja wa shule au kwa wageni walioteremka mlimani, hoja huwa ileile nikisema uvutano wa Jua hupinda mwanga: "Mwanga hauna uzito, sasa uvutwe vipi?" Wanaosema hivyo wameiweka sifuri penye tungamo, yaani kiasi cha maada, katika fomula ya uvutano ya Newton, wakapata nguvu sifuri, wakafunga daftari. Hapo ndipo wanaponichosha, maana wamefunga mapema mno!

Endelea na hesabu. Ukitafuta kasi inabadilikaje, tungamo la kitu kinachoanguka linajifuta. Ndiyo maana, bila hewa, jiwe na unyoya hufika chini pamoja. Mwaka 1801, mwanaastronomia Mjerumani Johann von Soldner alitumia Newton huyohuyo akaona mwanga unaopita kando ya Jua lazima upinde. Einstein, mwaka 1915, akapata mara mbili ya hapo, kwa sababu Jua hupinda wakati na pia nafasi yenyewe: sekunde za tao 1.75, kama sehemu moja ya elfu ya upana wa Jua tunavyoliona.

Tarehe 29 Mei 1919 Jua lilipatwa likiwa mbele ya nyota za Hyades, majirani wa Kilimia. Timu moja ya kupima kupinda huko ilikuwa Sobral, Brazili; nyingine, ya mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington, ilikuwa kisiwani Principe ikihangaika na mawingu. Picha za kupatwa zililinganishwa na za usiku, Jua likiwa halipo eneo hilo, na nyota zikaonekana zimesogea kuliacha Jua. Sobral walipata 1.98, Principe 1.61. Darubini nyingine ya Sobral ilitoa picha zenye ukungu, vipimo vyake vikawekwa kando.

Ushauri wangu ni uleule kila siku: kabla ya kubishana, chukua kalamu. 4GM, gawa kwa c² mara nusukipenyo cha Jua; G ni namba ya uvutano ya Newton, M ni tungamo la Jua, c ni kasi ya mwanga. Utapata radiani 0.0000085, ambazo ndizo hizo sekunde 1.75. Hakuna tungamo la mwanga popote humo.

Mwezi mkubwa unaochomoza upande wa Himo? Uvutano hauhusiki, macho yanakudanganya. Upime kwa kidole ulichonyoosha, kisha rudia ukiwa utosini.

Eti uvutano hutawanya rangi kama mche wa kioo? Hapana. Nyekundu na buluu hupinda sawasawa.

Na wale wa "mashimo meusi tu ndiyo hupinda mwanga" wameshajibiwa na Jua. Galaksi nazo hupinda. Mwaka 1979 zilionekana kwasa (viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa mno) mbili pacha, Q0957+561, kumbe ni moja ambayo mwanga wake unapita pande mbili za galaksi iliyo katikati. Njia hizo hazilingani: kwasa ikiongeza mng'ao, picha moja hutangulia kuonyesha, na ya pili huonyesha siku 417 hivi baadaye.