Bandari si gati peke yake: dhana potofu kuhusu safari ya mizigo

Ukiipiga picha bandari yoyote, jicho linakimbilia meli na kreni. Nadhani makosa mengi yanaanzia hapo, maana sehemu kubwa ya kazi ya bandari hufanyika upande wa nchi kavu, kule ambako kamera haielekezwi.

Dhana: Mzigo ukishashushwa melini, bandari imemaliza kazi.

Kreni hushusha kontena kwa dakika chache tu. Baada ya hapo kontena lilelile linaweza kukaa uwanjani siku kadhaa, hata wiki, likingoja hati ya shehena, kibali cha forodha, ukaguzi, malipo na lori la kulichukua. Bandari nyingi humpa mwenye mzigo siku chache za bure. Zikiisha, tozo ya hifadhi huanza kuhesabiwa, huku kampuni ya meli nayo ikidai kontena lake lirudishwe tupu. Tozo zote hizo humfikia mnunuzi wa mwisho, ingawa kwenye risiti yake hazionekani. Karatasi moja yenye jina lililokosewa inaweza kugharimu kuliko safari nzima ya baharini.

Dhana: Foleni ya meli nje ya bandari ni dalili ya kreni chache au wafanyakazi wazembe.

Kati ya mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022, foleni ya meli za makontena zilizosubiri kuingia Los Angeles na Long Beach, Marekani, ilipita 100. Lawama zikaangukia gati. Lakini hebu lifuate kontena lenyewe. Wakati wa UVIKO-19 watu waliagiza bidhaa kwa wingi mno, maghala yakafurika. Trela zikabaki zimebeba makontena yasiyo na pa kushushwa, hivyo hazikurudi bandarini kuchukua mengine. Uwanja ukajaa, na uwanja ukijaa kreni hata iwe na kasi gani haina pa kuweka mzigo. Foleni ilianzia kwenye mlango wa ghala, ikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi ikatokeza baharini.

Dhana: Meli zikizidi kuwa kubwa, kila mtu hunufaika.

Mwenye meli hunufaika, hilo halina ubishi. Meli kubwa kabisa za leo zina urefu wa mita 400 hivi na uwezo wa kubeba zaidi ya makontena 24,000 ya futi 20, kwa hiyo gharama ya kila kontena baharini hushuka. Bandari ndiyo huchimba kina zaidi, hununua kreni zenye mikono mirefu, kisha hupokea maelfu ya makontena kwa mkupuo. Malori na mabehewa hayaongezeki kwa sababu tu meli imerefuka. Gharama imeondoka majini, imehamia barabarani.

Dhana: Kontena likishuka bandarini, limefika.

Si lazima. Singapore ni miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi zaidi duniani, lakini makontena mengi yanayoshuka pale hayaingii nchini. Hubadilishiwa meli na kuendelea na safari, kama abiria wa kuunganisha ndege.

Dhana: Bandari za kisasa ni matunda ya akili za mabaharia.

Hili ndilo linalonifurahisha zaidi. Malcom McLean, aliyeanzisha mfumo wa makontena tunaoujua, alikuwa mwenye malori. Aprili 1956 meli yake Ideal-X, ambayo awali ilikuwa meli ya mafuta, iliondoka Newark kwenda Houston, zote za Marekani, ikiwa na makasha 58. Enzi hizo makuli walipakia magunia, mapipa na marobota kimoja kimoja, na meli ilikaa gatini siku nyingi. McLean hakubuni meli mpya wala gati jipya. Alitaka tu kasha litoke kwenye lori, lipande meli na kushukia kwenye lori jingine bila kufunguliwa njiani.