Heroini ya Rémy na mofini ya mgonjwa wako

Kila anayetoka kutazama filamu ya Les Invasions barbares hunijia na hoja ileile: "Si umeona, daktari? Kinachommaliza mgonjwa ni sindano." Kisha anakwenda kumficha mama yake chupa ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na mama analia usiku kucha. Nimechoka kulijibu hili mtu mmoja mmoja.

Filamu yenyewe naipenda mno. Denys Arcand aliitoa mwaka 2003, akiwarudisha marafiki wa filamu yake ya 1986, waigizaji walewale, safari hii na mvi zao wenyewe. Rémy, profesa wa historia huko Montréal, ana saratani. Mwanawe Sébastien anatoka London na kuwakusanya rafiki za baba yake, nao wanabishana na kucheka mpaka mwisho, kando ya ziwa. Hayo ni kweli tupu: maumivu yakitulizwa, mtu hurudi kuwa mtu.

Shida ni heroini. Sébastien anaitafuta kwa magendo kwa kuwa ameambiwa inaishinda mofini. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini muda si mrefu. Hufika kwenye ubongo haraka kuliko mofini, na maji machache tu yanatosha kuiyeyusha, ndiyo maana Uingereza bado huitumia hospitalini. Lakini mgonjwa ambaye mofini "imemshinda" mara nyingi amepewa kidogo, au amecheleweshewa. Mofini ya maji hutuliza kwa saa 4 hivi. Ukimpa saa 2 asubuhi ukamrudia saa 2 usiku, umemwacha na maumivu mchana kutwa, halafu unailaumu dawa!

Ile dozi ya mwisho ya heroini iliyommaliza Rémy ilikuwa kubwa kwa makusudi, na yeye mwenyewe aliitaka. Sisi huanza na miligramu 5, au 2.5 kwa mzee aliyedhoofu, tukipandisha kwa kufuata maumivu. Kabla pumzi haijapungua, mgonjwa husinzia kupita kiasi. Tukiliona hilo tunapunguza. Figo zikiwa mbovu tunarefusha muda kati ya dozi. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo.

Kuna jambo linalonisumbua hata mimi. Mgonjwa yu mahututi, saa ya dozi imefika, binti yake anampa, na nusu saa baadaye anakata roho. Binti ananiuliza, "Ni mimi?" Namwambia hapana, ni ugonjwa, na naamini hivyo, kwa sababu dozi ileile aliimeza jana na juzi akaamka. Ila kumthibitishia kwa mgonjwa huyu mmoja, kwa saa ile, siwezi. Ninalojua ni kwamba dozi ya mwisho haina budi kutolewa na mtu fulani, na mara nyingi ni yule aliyempenda zaidi.

Kwa hiyo, akiwa na maumivu na saa imefika, mpe. Akiwa amesinzia hata haamshiki, usimpe nyingine, tupigie kwanza.