Diski za seva ya kampuni: tunayoambiana Lubumbashi na ukweli wake

Madukani Lubumbashi diski huuzwa kwa ukubwa: terabaiti mbili, terabaiti nne, bei ni hii kwa dola. Kwa kompyuta ya nyumbani yatosha. Kwa seva ya wakala wa forodha au depo ya dawa, cha kwanza kujua ni kadi ya RAID iliyomo (inayounganisha diski kadhaa kuwa kundi moja, ili kwa kawaida moja ikifa data zibaki) inakubali nini, na muuzaji hakuulizi hilo.

"SAS na SATA ni mamoja, mbona midomo ya kuunganishia inafanana?"

Ni njia mbili za kuunganisha diski: SATA ni ya kompyuta za kawaida, SAS ni ya seva. Midomo inafanana, lakini ruhusa ni ya upande mmoja. Seva yenye kadi ya SAS kwa kawaida huipokea diski ya SATA. Seva ya SATA peke yake haipokei diski ya SAS, na mdomo umetengenezwa makusudi usiingie. Fundi akiona inagoma, asisukume. Hata pale zote mbili zinapokubalika, usizitie katika kundi moja la RAID, maana kadi nyingi hukataa. Zipo pia NVMe (diski za kasi zisizo na sahani inayozunguka) za aina ya U.2, ambazo kwa macho utadhani ni SAS ndogo. Hizo zinahitaji nafasi iliyounganishwa na PCIe, njia ya kasi ya ndani ya kompyuta.

"Diski ya okazioni (iliyokwisha kutumika) iliyotoka kwenye seva kubwa za Ulaya haina shida."

Yaweza kuwa nzima kabisa na bado isifanye kazi kwako. Baadhi ya diski za SAS zilizotolewa kwenye mashine za kuhifadhi data za NetApp au EMC zimegawanywa kwa vipande vya baiti 520, wakati seva ya kawaida inataka 512. Kadi itaiona lakini itakataa kuitumia, nawe utaambiwa imekufa. Kwenye Linux, amri ya sg_format huweza kuirudisha kwenye 512, huku ikifuta kila kitu. Kwa diski kubwa kazi hiyo huchukua saa nyingi, na umeme wa SNEL ukikatika katikati, diski haisomeki mpaka uanze upya. Kwa hiyo ifanyie penye inverta. Mimi singelipa kabla ya kuona diski imefanya kazi saa ngapi, na SMART, kumbukumbu ya afya iliyomo ndani ya diski yenyewe, huonyesha.

"Diski ya kompyuta ya mezani itafaa, ni bei tu inayotofautiana."

Hapa ndipo data za watu hupotea. Diski ya mezani ikikutana na sehemu mbovu hujaribu kuisoma tena na tena, wakati mwingine zaidi ya dakika nzima. Kadi ya RAID haina subira hiyo: baada ya sekunde chache inaihesabu kuwa imekufa na kuitoa kundini. Diski za seva na za NAS (kasha la diski la kwenye mtandao wa ofisi) hukata tamaa mapema, kwa kawaida ndani ya sekunde 7, kisha kadi inachukua data hiyo kwenye diski nyingine.

Halafu kuna SMR, aina ya diski ambapo mistari ya data hupandiana kama mabati ya paa. Kubadilisha mstari mmoja kunalazimu kuandika upya ya jirani, hivyo kulijenga upya kundi la RAID huwa kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, za terabaiti 2 hadi 6, ni za SMR, jambo ambalo wanunuzi hawakuwa wameambiwa. Kwa ukubwa huo, namba ya modeli inayoishia na EFAX ni SMR, EFRX siyo.

"Seva ya Dell inataka diski ya Dell tu."

Nusu kweli. Mwaka 2010 Dell ilizizuia diski za wengine kwenye kadi zake za RAID za PERC H700 na H800. Wateja wakapiga kelele, ikalegeza mwaka uleule. Kwenye baadhi ya HP ProLiant diski ya kigeni hufanya kazi, ila feni huvuma kwa sababu seva haisomi joto lake. Ofisi ndogo itachoka na kelele hizo.

"Tuna RAID, bekapu ya nini?"

Mtu akifuta faili, RAID inaifuta kwenye diski zote.

"Ukubwa zaidi ni bora."

Diski ya kubadilishia isiwe ndogo kuliko iliyokufa, hata kidogo. Ikizidi, ziada hukaa bure. Na kadi za zamani kama PERC 6/i hazivuki terabaiti 2 kwa kila diski: kwa seva hiyo, nunua za terabaiti 2 au ubadilishe kadi.