Je, wajua kwa nini prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inaweza kuingia sawasawa kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, na kompyuta isiwake?

"Ami, imeingia vizuri, wala sikuilazimisha. Mbona haiwaki?"

Kijana anayejiundia kompyuta yake ya kwanza ya gemu akimjia fundi na swali hilo, jibu humshangaza: kuingia si kupatana. Soketi, yaani nafasi inapokaa prosesa, inaweza kuwa ile ile, pini zikawa na idadi ile ile, na bado prosesa na mazabodi zisielewane.

Mfano mzuri ni soketi ya kampuni ya Intel iitwayo LGA1151, jina lililotokana na pini zake 1151. Ilitoka mwaka 2015 pamoja na prosesa za kizazi cha sita, zikafuata za kizazi cha saba. Mwaka 2017 kilipokuja kizazi cha nane, soketi ilibaki na pini 1151, na kwa macho huoni tofauti. Ndani mambo yalikuwa mengine: prosesa mpya zilikuwa na viini (sehemu zinazofanya hesabu) vingi zaidi, na baadhi ya pini ambazo awali hazikuwa na kazi zilipewa kazi ya kupitisha umeme. Chukua i5-8400, ya kizazi cha nane, uipachike kwenye mazabodi ya H110, ya vizazi vile vya mwanzo. Itakaa, utaibana, utawasha, na skrini itabaki nyeusi. Hiyo inataka mazabodi ya H310, B360 au nyingine za familia hiyo. Kwa anayenunua vipuri vya mtumba, na wengi wetu ndipo tunapoanzia, huu ndio mtego wa mbele kabisa, kwa sababu muuzaji atakwambia "zote ni 1151" na atakuwa hajakudanganya.

AMD, kampuni inayoshindana na Intel, walikwenda njia nyingine. Soketi yao ya AM4 ilidumu mno: prosesa zao za Ryzen za kwanza za 2017 na Ryzen 5 5600 ya 2022 zote huingia humo. Hapa kinachokosekana huwa ni kutambuana. Kila mazabodi ina programu ndogo, BIOS, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kukagua ni prosesa gani iliyowekwa. Mazabodi ya B450 iliyotengenezwa mwaka 2018 haiwezi kuijua prosesa iliyotoka miaka minne baadaye, mpaka BIOS yake isasishwe. Na kwa kawaida huwezi kuisasisha mpaka kompyuta iwake, kwa hiyo inakubidi uazime prosesa ya zamani. Baadhi ya mazabodi zina kitufe kwa nyuma kinachofanya kazi hiyo kwa flashi tu, bila prosesa wala ramu (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta). Kwa mtu wa Lamu, kitufe hicho mimi ningekitafuta kabla ya taa za rangi za urembo. Kifurushi kutoka Nairobi husafiri kwa gari hadi Mokowe, kisha kikavuka kwa boti. Kikirudi, kinarudi njia hiyo hiyo na mara nyingi gharama ni yako.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza mazabodi, utafute ukurasa wa mazabodi hiyo hasa, na ufungue orodha ya prosesa inazozikubali. Mbele ya kila prosesa pameandikwa toleo la BIOS linaloitambua. Kisha mwombe muuzaji awashe na akupigie picha ya skrini inayoonyesha toleo lililomo. Akikataa, mpe kwaheri.

Ramu ina adabu zaidi, yenyewe hukukataza. Shika kipande cha ramu ya aina ya DDR4 na cha aina mpya zaidi, DDR5, uvilinganishe: urefu ni mmoja na vyote vina pini 288. Tazama sasa ule mpasuko mdogo kwenye ukingo wa dhahabu. Umesogezwa kidogo, makusudi, ili kimoja kisiingie kwenye nafasi ya mwenzake. DDR4 hutumia volti 1.2, DDR5 hutumia 1.1, na tena DDR5 hujidhibitia umeme kwa chipu iliyo juu ya kipande chenyewe, kazi ambayo zamani ilifanywa na mazabodi. Ukisukuma na kidole kikakutana na ugumu usio wa kawaida, acha. AM5, soketi ya AMD ya tangu 2022, hukubali DDR5 peke yake. LGA1700 ya Intel, ya 2021, hukubali zote mbili, lakini karibu kila mazabodi imetengenezwa kwa aina moja tu, na majina yake hukaribiana sana. Soma mpaka herufi ya mwisho.

Kadi ya grafiki, inayotengeneza picha za skrini na ambayo ndiyo huwatia watu wasiwasi zaidi, kwa upande wa soketi ndiyo isiyo na makuu. Nafasi yake, PCIe, iliundwa ili kizazi kipya kikubaliane na cha zamani, hivyo kadi ya 2023 kwa kawaida hufanya kazi kwenye mazabodi ya miaka kumi nyuma. Kuna zinazopunguza kasi: kadi ya RX 6500 XT hutumia njia nne tu za data, na ikikaa kwenye PCIe ya kizazi cha tatu upana wake hupungua nusu. Inacheza, ila si ile uliyoisifiwa.

Shida ya kadi iko kwenye umeme. Nafasi ya PCIe hutoa wati 75, zaidi ya hapo lazima waya utoke kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Hapa ndipo wanapokwama waliochukua kompyuta za maofisini, zile Dell OptiPlex na HP za ex-UK, wakitaka kuzigeuza za gemu. Nyingi pawa saplai yake haina waya huo, na huwezi kuibadilisha kwa ya kawaida kwa sababu plagi inayoingia kwenye mazabodi ni ya kampuni yenyewe. Zile nyembamba zinataka hata kadi iwe fupi kwa kimo. Kadi ya GTX 1650 ya wati 75, toleo lisilo na tundu la waya, huziweza. Kama hamu yako ni gemu za mpira na magari, mimi naona huo ni mwanzo mwema. Kama unataka zaidi, usizamishe pesa humo.

Ukijenga upya, kadi ya RTX 4060 yenyewe hula wati 115, lakini Nvidia, waundaji wake, hupendekeza pawa saplai ya wati 550, kwani kuna prosesa na vingine vyote vya kulishwa, na kadi huwa na miruko ya ghafla ya umeme. Na kama pawa saplai yako ina nyaya za kuchomoa, usichanganye nyaya za kampuni mbili. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna mpangilio mmoja: plagi inaweza kuingia vizuri kabisa, volti 12 zikaenda pasipotakiwa, na diski ikaungua papo hapo.

Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina grafiki ndani. Bila kadi hupati picha, kwa hiyo usiinunue ukisema kadi nitaongeza Idd ijayo. Kasha nalo pima kwa milimita: urefu wa kadi, kimo cha feni ya prosesa, na ukubwa wa mazabodi.

Na vya mtumba vilivyokaa pwani, omba picha ya karibu ya soketi na ya ukingo wa dhahabu wa ramu. Hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye shaba, na pini ya soketi za LGA iliyopinda huonekana kwa mwanga wa simu ukiulaza kwa pembeni.