Kingamwili za Utafiti Si Kipimo cha Ugonjwa: Ufafanuzi kwa Washiriki wa Tafiti na Wananchi wa Kanda ya Ziwa

Katika miezi ya karibuni mapokezi ya maabara yetu hapa Mwanza yamepokea malalamiko yanayofanana. Washiriki waliotoa damu au kinyama (kipande kidogo cha nyama ya mwili) kwa ajili ya utafiti wanafika kudai majibu yao, na wengine wanakuja na jina la kingamwili, yaani protini inayoshika protini nyingine maalumu, waliloandikiwa kwenye kikaratasi, wakiomba wapimwe saratani kwa hiyo. Wapo pia wanaouliza kama wanaweza kuchomwa kingamwili hizo ili kuongeza kinga. Naomba nilijibu hili la mwisho mapema: haziingizwi mwilini mwa mtu kwa namna yoyote, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anahatarisha maisha yako.

Kingamwili hizo tunazitumia maabara kuona protini zilizobandikwa fosfati, kikundi kidogo cha kemikali chenye fosforasi. Ndani ya seli, ujumbe hupita kutoka protini moja hadi nyingine kwa kubandikwa na kubanduliwa kwa fosfati hiyo. Vimeng'enya viitwavyo kinasi hubandika fosfati hiyo na vingine viitwavyo fosfatasi huibandua. Ugunduzi wa mzunguko huu ndio uliowapatia Edmond Fischer na Edwin Krebs Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Protini iitwayo ERK, kwa mfano, huamka, yaani huanza kufanya kazi, inapopata fosfati mbili, moja kwenye thrionini ya 202 na nyingine kwenye tairosini ya 204; thrionini na tairosini ni asidi amino, vipande vinavyojenga protini, na namba ni nafasi zake. Kingamwili tunayoizungumzia hutengenezwa mara nyingi kwa kumchoma sungura kipande kifupi cha protini chenye fosfati mahali hapo hapo, kisha damu yake huchujwa ili zibaki kingamwili zinazoshika protini yenye fosfati na kuiacha isiyo nayo.

Inachotuonyesha, basi, ni hali ya protini katika dakika ambayo sampuli ilichukuliwa. ERK huamka kwenye uvimbe wa saratani, na huamka vilevile kwenye kidonda kinachopona na kwenye seli yoyote yenye afya inayojigawa. Mtu hawezi kuambiwa ana saratani au hana kwa sababu ya mstari mmoja mweusi kwenye utando, yaani karatasi nyembamba tunayohamishia protini za sampuli ili kingamwili izionyeshe kama mistari, na inasikitisha kwamba jambo hili tunalieleza kila wiki kwa watu walewale. Kichupa chenyewe cha kingamwili, ambacho mara nyingi hubeba mikrolita 100 tu, huandikwa na mtengenezaji kwamba ni kwa matumizi ya utafiti pekee. Maneno hayo yana maana kuwa hakijathibitishwa kwa uchunguzi wa mgonjwa.

Lalamiko jingine ni la haraka tunayowafanyia washiriki, na la sampuli kukataliwa. Mkazi wa Mwanza anayeamka alfajiri kwenda Mwaloni Kirumba anajua sangara aliyekaa bila barafu anavyobadilika. Protini zenye fosfati hubadilika kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa fosfatasi huendelea kubandua fosfati hata baada ya kinyama kutoka mwilini, na kinasi nyingine huamshwa na ukosefu wa oksijeni. Ndiyo maana muuguzi hukata, mtaalamu hupokea papo hapo, na kinyama hutumbukizwa kwenye nitrojeni ya kimiminika huku mtu wa tatu akiandika saa na dakika. Fomu ina visanduku vitatu: muda wa kukata, muda wa kugandisha na muda wa kufika maabara. Kisanduku kimoja kikiwa wazi, sampuli haipokelewi, hata kama imesafiri kwa kivuko kutoka Nansio, na kituo kilichoituma huandikiwa barua. Kikirudia kosa hilo mara tatu, husimamishwa kutuletea sampuli hadi watumishi wake wafundishwe upya. Najua washiriki huona ni ukatili kuambiwa warudi. Sampuli iliyooza ingetoa picha nzuri machoni na ya uongo kabisa.

Hata sampuli njema huharibiwa na mikono yetu. Utando ambao protini zimehamishiwa hufunikwa kwanza ili kingamwili isishike ovyo, na wanafunzi wengi hukimbilia maziwa ya unga. Kaseini, protini ya maziwa, yenyewe imejaa fosfati, hivyo utando wote unaweza kuwa na ukungu mweusi. Sisi hutumia albumini, protini ya damu ya ng'ombe. Kwa kila kichupa kipya hugawanya sampuli moja sehemu mbili, na moja tunaitia fosfatasi. Mistari miwili ya ERK, yenye uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 44 na 42, inapaswa kutoweka upande huo. Ikibaki, kichupa kinawekwa kando na hakuna matokeo yake yanayoandikwa.

Kazi hii ina faida kwa wagonjwa, ingawa huchukua miaka. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa aina mojawapo ya saratani ya damu, hufanya kazi kwa kuzuia kinasi moja, na uelewa wa kinasi ndio uliofungua njia hiyo.

Kuhusu kupewa majibu, fomu ya ridhaa uliyosaini inaeleza kuwa picha za utando hazitolewi kwa mshiriki. Mtumishi wetu anayezitoa kama majibu ya hospitali huondolewa kwenye utafiti na taarifa yake hufikishwa kwenye kamati ya maadili. Anayetoa jina la mshiriki kwa mtu mwingine anaweza pia kuwajibishwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwenye uvimbe, kutokwa damu au kupungua uzito asisubiri utafiti, amwone daktari.

Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yake hayataguswa. Afike na nakala ya fomu yenye namba ya ushiriki. Sampuli iliyobaki kwenye friza ya nyuzi joto hasi 80 itatolewa na kuteketezwa mbele ya shahidi, naye atasaini daftari. Aliyepoteza nakala aje na kitambulisho; namba yake tutaitafuta sisi.